Kona Inayokula Sukari

Mzee Hamdani wa Makanya alikuwa na karatasi inayosema saratani yake ni ya taratibu, na daktari, binti wa hasimu wake Wilbard, alikuwa haiamini. Karatasi ilikuwa na muhuri, sahihi mbili na tarehe, na Hamdani, ambaye amesimama mbele ya mabaraza ya ardhi mara nyingi kuliko baadhi ya mawakili wa Same, aliujua uzito wa muhuri. Alikuwa amechomwa sindano kumi na mbili kwenye tezi dume, kwa njia ambayo aliapa hataisimulia mpaka anaingia kaburini. Vinyama vilivyotolewa vikapelekwa kupimwa, vikarudi na majibu: ugonjwa upo, lakini mpole. Kwake hiyo ilikuwa hukumu, na alikuwa ameshinda.

Daktari kijana aliyekaa upande wa pili wa meza, pale hospitalini Same, aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka chini, akachukua ile ya kipimo cha damu. Alisema namba ya kwenye damu ni kubwa mno kwa ugonjwa unaojidai mpole. Karatasi hizi mbili hazikubaliani. Huenda sindano ziliingia kwenye sehemu iliyolala, zikapita pembeni ya sehemu iliyo macho. Alitaka kumpeleka Dar, kwenye hospitali moja kubwa ambako kuna utafiti wa picha zinazoonyesha ni sehemu ipi ya tezi inakula sukari kwa pupa. Kwa kuwa ni utafiti, mgonjwa asingelipia kipimo.

Hamdani alisikiliza vizuri tu mpaka macho yake yalipotua kwenye kibati cha jina kwenye koti jeupe. Dkt. Elinaza Wilbard. Akamtazama usoni, akaiona pua. Pua ile alikuwa ameitazama miaka kumi na miwili, ikiwa imekaa upande wa mdaiwa.

“Baba yako ni Wilbard wa mlimani? Huyu wa ndiva?”

“Ndiye, baba. Lakini hapa mimi ni daktari wako.”

“Na mimi hapa ni mgonjwa ambaye karatasi yake imeshasema,” alijibu Hamdani, akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Mlangoni alikumbuka kwamba haja ndogo imembana tangu aingie, lakini hakutaka binti wa Wilbard amwone anaulizia choo. Alivumilia mpaka stendi, na hakufanikiwa kuvumilia yote.

*

Ugomvi wa Hamdani na Wilbard ulikuwa wa maji. Mlimani, juu ya Makanya, kuna ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu. Maji hukusanyika humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yakateremka kwenye mfereji, kila shamba kwa zamu yake, mpaka huku chini kwenye vumbi la jasi ambako Hamdani analima mahindi na maharage. Wilbard yuko juu, hatua chache kutoka mlango wa ndiva. Hamdani yuko mkiani. Mtu wa mkiani hana la kufanya maji yakichelewa ila kumshuku mtu wa juu, na Hamdani alimshuku Wilbard kwa bidii, kwa maandishi, na kwa nakala tatu.

Shauri la sasa lilikuwa la tatu, na safari hii alikuwa na shahidi. Mchunga mbuzi mmoja amemwona Wilbard usiku wa manane, si mara moja, amesimama penye mlango wa ndiva, kimya, kaupa ulimwengu mgongo, kwa muda mrefu. Mtu mzima anatafuta nini penye mlango wa maji saa nane za usiku? Baraza la kata lilimuuliza Wilbard swali hilo vikao viwili, na mara zote mbili aliinamisha kichwa akasema hajaiba maji, basi. Kikao cha tatu kilikuwa kinasubiriwa. Hamdani hakuwahi kuonja raha kama ile tangu azaliwe.

Ndiyo maana alipofika nyumbani aliiweka karatasi ya hospitali kwenye faili lile lile la maji, nyuma ya maelezo ya mchunga mbuzi. Akamwambia mkewe kwamba binti anataka kulipiza. Baba kabanwa barazani, sasa binti anazungukia mlango wa nyuma.

Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Alisema kwa jinsi alivyosikia habari za zile sindano, mlango wa nyuma ulishapitwa.

“Sitanii, Mama Husna.”

“Hata mimi sitanii. Hiyo suruali umeilowanisha wapi?”

Alikwenda kuibadilisha. Kulikuwa na mambo mengi siku hizi ambayo Hamdani hakuyajibu. Ameacha kwenda kunywa kahawa kwa wenzake kando ya barabara kuu, kwa sababu kila baada ya robo saa ilimpasa anyanyuke, na kila alipokwenda nyuma ya kibanda alikawia mpaka wenzake wakaanza kuuliza kama anachimba kisima. Aliwaambia ni kiuno. Msikitini alihama safu ya mbele, akahamia karibu na mlango. Vitambaa alivyokuwa akivivaa ndani Mwanaidi alivifua yeye mwenyewe na kuvianika nyuma ya banda la kuku, maana mzee alikataza visionekane kwenye kamba ya mbele. Kuku waliviona kila siku na heshima yake kwao ilikuwa imekwisha.

Mwanaidi alivumilia siku tatu. Siku ya nne alichukua kadi ya hospitali, akaenda nayo uani, akapiga namba iliyoandikwa juu yake. Hakuwa mtu wa kulia kwenye simu, lakini alilia kidogo, kisha akakasirika kwa sababu kulia kulimpotezea salio.

*

Elinaza alifika Jumamosi, akiwa njiani kwenda kwao mlimani. Alivua viatu mlangoni na kusema shikamoo, na Hamdani, hata kama angetaka kumfukuza, hakuwa na njia ya kuimeza shikamoo ya mtoto wa watu bila kuitikia. Aliitikia marahaba kwa shingo upande, na ukishaitikia unalazimika kumpa mtu kiti.

Binti hakuanza na saratani. Alianza na ndiva. Alisema amekua akisikia kesi ile mezani kila jioni, anaijua kuliko masomo yake ya sekondari. Akauliza: maji yakifunguliwa juu na hayafiki chini, mzee huwa anafanyaje kumjua anayeyachepusha? Hamdani, ambaye swali hilo lilimwingia vizuri, alisema huulizi mtu, kwa sababu watu wote ni waongo. Unafuata udongo. Palipolowana wakati si zamu yake, hapo hapo pana mwizi.

“Basi hiyo picha ndiyo inafanya hivyo, baba. Tunakuchoma sukari kidogo yenye mionzi, tunaifuata imekwenda wapi. Tezi yako ina mashamba mengi. Mengine yana ugonjwa uliolala, yanakula kwa zamu. Likiwepo moja linalokula kila saa, litawaka. Sindano zilipita gizani. Picha itatuonyesha pa kuchoma.”

Hamdani alichukia kwamba ameelewa. Alitafuta kasoro kwenye maelezo yale kama alivyozoea kutafuta kwenye hati za kina Wilbard, na hakuiona.

Hapo ndipo Mwanaidi aliposema lake. Alisema kwa sauti ya chini, akiwa amesimama na birika mkononi, kwamba amemsindikiza mumewe kwenye kesi zote bila kuuliza, na jambo moja alilojifunza ni kwamba asiyefika barazani husikilizwa upande mmoja tu. Kama huo ugonjwa umo ndani unajitetea peke yake, atakayehukumiwa ni yeye Mwanaidi, kukaa na kuku na faili. Alisema anaogopa. Hakulipamba.

Hamdani alikubali, kwa sharti moja. Wilbard asijue. Asijue ugonjwa, asijue safari, asijue hata kwamba amepanda basi.

Elinaza alimtazama kwa namna ya ajabu, kama anayetaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akasema siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, na kila mgonjwa anastahili yake.

*

Huko Dar alikatazwa kula tangu usiku, akachomwa kidole kupimwa sukari ya damu, kisha mtaalamu wa picha aitwaye Paskali, kijana mrefu mwenye upole wa mtu aliyechoka, akampa masharti. Baada ya sindano atakaa saa nzima bila kutembea na bila kusema, kwa sababu msuli unaofanya kazi nao unakula sukari, na mdomo ni msuli. Atakunywa maji. Kabla ya picha ni lazima aende haja ndogo na akojoe mpaka mwisho, kwa sababu sukari inayotoka mwilini hukusanyika kwenye kibofu, na kibofu kikijaa kinawaka kikafunika tezi. Choo kiko palepale, mlango wa bluu.

Mwanaidi aliachwa nje kwa ajili ya mionzi. Alipoambiwa mumewe hatasema neno kwa saa nzima, aliuliza kama hiyo dawa inauzwa.

Hamdani alichomwa, akapelekwa kwenye chumba cha kusubiria. Kulikuwa na viti viwili vya kulalia, katikati ukuta mfupi wa madini ya risasi, wa kuzuia mionzi, unaofika kiunoni. Kiti cha pili kilikuwa na mtu tayari, kajifunika shuka hadi kidevuni. Juu ya shuka kulikuwa na pua.

Wazee wawili walitazamana. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kusema. Kama ingekuwa ni adhabu iliyotungwa na mtu, mtu huyo angestahili kupewa uhakimu. Hamdani alilala, akatazama dari, akajiambia kwamba yule msichana amemuuza. Kisha akakumbuka lile jicho lake pale Makanya, na yale maneno kwamba kila mgonjwa anastahili siri yake, ndipo akatambua kwamba Wilbard naye ameweka sharti lile lile. Hilo lilimwudhi zaidi. Hata siri hakuachiwa awe nayo peke yake.

Maji aliyokunywa yakaanza kudai. Mlango wa bluu ulikuwa hatua sita kutoka hapo, na ulikuwa mwembamba. Hamdani alipiga hesabu ya aibu. Akienda, Wilbard atasikia kila kitu, yaani atasikia kwamba hakuna cha kusikia. Atahesabu dakika. Atarudi mlimani na kusema mdai wa Makanya amekauka kuliko mfereji wake. Akaamua kwamba atakwenda baada ya Wilbard kwenda. Alimtazama kwa pembe ya jicho, akaona Wilbard amebana magoti, jasho limemtoka juu ya mdomo, naye anamtazama kwa pembe ya jicho. Ikapita nusu saa namna hiyo.

Dakika ya arobaini Wilbard alikohoa. Kikohozi kilikuwa cha kawaida, lakini Hamdani alikisikia kama dharau.

“Jumanne ilikuwa zamu yangu,” alinong'ona.

“Jumanne ulifunguliwa maji saa moja kamili.”

“Yamefika saa nne.”

“Kwani mimi ndiye niliyeuweka mlima pale?”

Na wakaendelea, kwa minong'ono, kisha si kwa minong'ono, na Kiswahili kilipoisha wakaingia kwenye Chasu, Kipare cha kwao, ambako matusi yana mizizi mirefu zaidi. Hawakuacha mpaka Paskali alipofungua mlango.

Paskali aliwauliza kama wamekwenda haja ndogo. Wote wawili walisema ndiyo, kwa pamoja, upesi, kama watoto walioulizwa nani amevunja chungu.

*

Picha zilitoka mbaya, zote mbili. Paskali aliwaita nyuma ya kioo akawaonyesha bila kupandisha sauti, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Kwenye picha ya Hamdani mwili mzima ulikuwa wa kijivu, ila kooni na mataya yaliwaka, na chini, mahali ambapo watu wote walikuwa wanapatafuta, paliwaka mpira mkubwa mweupe uliofunika kila kitu. Picha ya Wilbard ilikuwa pacha wake.

“Hapa juu ni maneno,” Paskali alisema. “Hapa chini ni mkojo. Wazee wangu, hii mashine imetoka mbali sana kuja kupiga picha ya mkojo.”

Alisema bado kuna nafasi ya kurudia sehemu ya chini kama watakwenda sasa hivi na kukojoa kweli. Wasipoweza, waseme, atawawekea mpira wa kutolea mkojo, si dhambi. Akawafungulia mlango wa bluu.

Ndani vyoo vilikuwa viwili, vimegawanywa na ukuta usiofika darini. Hamdani akaingia cha kushoto, Wilbard cha kulia. Kwa muda hakikusikika kitu. Hamdani alifungua bomba ili lifunike aibu yake. Bomba lilikoroma, halikutoa maji.

Kisha upande wa kulia kikaanguka kitone. Baada ya muda kikafuata kingine. Kikafuata kimya, na pumzi ya mtu anayesukuma gari lililozimika. Hamdani aliijua sauti ile kwa undani. Alikuwa akiitoa mwenyewe kila usiku, miezi na miezi, akidhani ni yake peke yake duniani.

“Tangu lini?” aliuliza, akiutazama ukuta.

“Mwaka juzi, masika.”

“Usiku unaamka?”

“Mara tano, mara sita. Mama Elinaza akaanza kuuliza. Nikawa natoka nje, naenda mbali kidogo, asinisikie nikiguna.”

“Mbali wapi?”

Upande wa Wilbard kilianguka kitone.

“Kule penye ndiva,” alisema.

Hamdani aliuegemea ukuta kwa kiganja. Shahidi wake, maelezo yake, nakala tatu, raha yote ile ya vikao viwili. Mtu amesimama gizani, kimya, kaupa ulimwengu mgongo, kwa muda mrefu. Aliona yote kwa mara moja, na akaona pia kichwa cha Wilbard kilivyoinama mbele ya baraza. Mtu alikuwa radhi aitwe mwizi wa maji mbele ya kata nzima kuliko kusema neno moja. Hamdani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Hata hivyo alikuwa mtu wa mkiani mwa mfereji, na kuna swali ambalo asingeweza kuondoka bila kuliuliza.

“Ndani?”

“Pembeni, Hamdani. Mimi nina akili zangu.”

“Maji yangu yanapita hapo.”

“Nimekwambia pembeni.”

“Sasa mbona hukusema barazani?”

“Wewe ungesema?”

Labda kwa sababu Hamdani kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuwa anabana kitu, mwili ukalegea. Ulitoka mchirizi mwembamba, wa kusuasua, lakini ulitoka. Upande wa pili nako kukatoka. Walisimama pale, kila mtu na ukuta wake, dakika nyingi kuliko heshima inavyoruhusu, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

*

Picha ya pili ilikuwa safi. Majuma matatu baadaye, Same, Elinaza aliigeuza kompyuta ili Hamdani na Mwanaidi waone. Tezi ilikuwa ya kijivu karibu yote, imelala, kama karatasi ilivyosema. Ila nyuma, kona ya kushoto, kulikuwa na doa dogo linalowaka, dogo kama punje ya mahindi. Walikuwa wamerudi na sindano kwenye kona ile ile, na kinyama kilichotoka hapo hakikuwa kipole hata kidogo.

Hamdani alilitazama doa kwa muda mrefu. Sindano kumi na mbili zilipita pembeni yake. Alikuwa amelifungia kwenye faili, akaliwekea muhuri, akalitetea. Aliuliza kama limeshatoka nje ya ua. Elinaza alisema bado, mifupa imetulia, lakini linakula kila saa na halitangoja msimu. Akichelewa, hakuna atakayemwahidi kitu. Inatakiwa tiba ya mionzi Dar, kama miezi miwili, na sindano za kuzima homoni za kiume kwa muda, mwaka na nusu, huenda zaidi.

“Homoni ndiyo nini?” aliuliza, ingawa alijua.

Elinaza alimweleza kwa adabu, akitazama meza. Hamdani aliinuka. Alisema mionzi sawa, lakini hiyo ya pili hapana. Mwanamume hawezi kutoka nyumbani kwake mzima akarudi hivyo. Watu wataona. Watu watajua. Ni afadhali hiyo kona imle, azikwe na vitu vyake vyote.

Mwanaidi alimwomba daktari awapishe kidogo. Mlango ulipofungwa hakumsihi.

“Baba Husna, hicho unachokililia mara ya mwisho nimekiona kabla ya uchaguzi uliopita,” alisema. “Sijalalamika. Ningelalamika ningekwenda barazani, si ndiyo desturi ya nyumba hii? Mimi nakutaka wewe. Nataka mtu wa kugombana naye. Kaa chini.”

Alikaa. Kisha alisema kwamba kikao cha tatu ni Alhamisi, na mtu akienda Dar miezi miwili lazima aeleze amekwenda wapi, maana zamu ya maji haikai bila mwenyewe. Mwanaidi alisema basi aeleze.

*

Alhamisi ofisi ya kata ilijaa wazee. Mwenyekiti wa baraza, mtu mnene aliyejaliwa uvumilivu, alisoma shauri, kisha akamuuliza mdaiwa kwa mara ya tatu alikuwa anafanya nini penye mlango wa ndiva usiku. Wilbard aliinuka. Akainamisha kichwa. Hakumtazama Hamdani, wala Hamdani hakuweza kuivumilia ile shingo iliyoinama.

“Mheshimiwa mwenyekiti,” Hamdani alisema, akasimama bila kuitwa, “kabla hajajibu, mimi mdai nina maelezo ya ziada.”

Mwenyekiti alishusha pumzi. Maelezo ya ziada ya Hamdani yaliwahi kula kikao kizima na sehemu ya adhuhuri.

Hamdani alifungua faili. Hakutoa maelezo ya mchunga mbuzi. Alitoa karatasi ya hospitali, akaishika mbele yake ili apate mahali pa kutazama.

“Mimi nina saratani ya tezi dume. Usiku naamka mara sita. Nasimama nyuma ya banda la kuku nusu saa, gizani, kimya, na hakitoki kitu. Mtu akiniona atasema naiba kuku. Nimewaambia ni kiuno. Si kiuno. Jumatatu nakwenda Dar kuchomwa mionzi, na nitapigwa sindano za kunizima, mtacheka, chekeni. Kwa hiyo nimejua kwamba mzee akisimama gizani muda mrefu, si lazima awe mwizi. Shauri langu nalifuta. Ya mdaiwa siyajui na sitaki yaulizwe.”

Hakuna aliyecheka. Katibu aliinua kalamu akauliza aandike nini. Hamdani alimwambia aandike hivyo hivyo, na nakala apewe.

Akabaki amesimama, karatasi mkononi. Alikuwa ameingia humu mara nyingi kushinda na mara nyingi kushindwa, na hakujua hii iwekwe wapi. Nyuma, kwenye benchi la wanawake, Mwanaidi alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga bila kuficha.

Kiti kikalia upande wa pili. Wilbard alikuwa hajaketi, alikuwa amekisukuma ili asogee mbele.

“Na mimi,” Wilbard alisema. “Ile ilikuwa ndiyo hiyo. Yangu imelala, lakini ni ile ile.” Akafikiri kidogo. “Pembeni ya ndiva. Liandikwe hilo.”

Akasema pia kwamba mahindi ya Hamdani yatapata maji kwa zamu yake miezi miwili, atayafungua mwenyewe. Hamdani alimwuliza saa ngapi. Wilbard akasema saa moja. Hamdani akamwomba katibu aandike saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa mlima haujahama.

Wazee waliangalia viatu vyao. Mmoja alikohoa. Mwingine, jirani wa Hamdani wa kule kwenye kahawa, aliyeanzisha ule utani wa kuchimba kisima, alipandanisha miguu, akaiachanisha, akaipandanisha tena. Mwishowe mwenyekiti mwenyewe alitangaza kwamba baraza linaahirishwa dakika kumi, akanyanyuka haraka kuliko unene wake ulivyotazamiwa. Wazee wengine watatu wakamfuata nyuma ya ofisi, kila mmoja akichagua mti wake.

Mwanaidi aliitazama saa ya ukutani. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, na hakuna aliyerudi. Akatoa simu kwenye kanga, akampigia daktari Elinaza, akamwambia aandae nafasi nne.